Wimbi Limelala Upande Gani?

*Hotuba niliyoitoa Malindi mbele ya wanafunzi wa fizikia, walimu na wazazi. Nimeiandika upya kutoka kwenye maelezo yangu, na swali moja lililonikatiza katikati nimeliacha pale pale lilipoulizwa.*

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi mlioacha shughuli zenu kuja kutusikiliza, na nyinyi vijana mliojibana huko nyuma karibu na mlango: shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo.

Nimekuja na miwani mbovu. Msicheke. Hii ilikuwa ya mjomba wangu, mvuvi. Ilimvunjikia hapa juu ya pua, akaitupa, nami nikaiokota. Zimebaki lenzi mbili na mkono mmoja. Ni ile miwani wanayoipenda watu wa baharini: jua la saa saba likiwaka juu ya maji, ule mng'ao unaochoma macho unakufa, na chini unaona mwamba, unaona majani, unaona na samaki aliyedhani kajificha. Miwani nyeusi ya kawaida haiwezi kazi hiyo. Ile hupunguza mwanga wote, kama pazia. Hii inachagua.

Nazishika lenzi mbili, moja mbele ya nyingine, kuelekea dirishani. Mnaona? Mwanga unapita, umefifia kidogo tu. Sasa naizungusha hii ya mbele polepole, kama mtu anayefungua kifuniko cha mtungi. Giza linaingia, linaingia, na hapa, robo ya mzunguko, nyuzi 90, lenzi mbili zinazopitisha mwanga kila moja peke yake zimekuwa ukuta. Nikizidi kuzungusha, mwanga unarudi.

Hapana uchawi. Mwanga ni wimbi. Shikeni kamba watu wawili. Mmoja akiitikisa juu na chini, wimbi linakwenda limesimama, akiitikisa kushoto na kulia, linakwenda limelala. Mwanga wa jua ni mchanganyiko wa milalo yote, kila wimbi na lake. Lakini ukigonga uso wa bahari ukaruka, sehemu kubwa ya ule unaoruka imelala sambamba na maji. Lenzi ya mjomba hupitisha uliosimama tu, kwa hiyo mng'ao unakwama na samaki anaonekana. Tabia hii ya mawimbi kukubaliana mlalo mmoja ndiyo polarizesheni. Ukiipima unapata namba mbili: asilimia ngapi ya mwanga imekubaliana, na imekubaliana kwenye pembe ipi.

Wenye kikao wamenipa mada ya mbele: vyombo vya anga vitakavyopima polarizesheni ya eksirei, miale kama ile inayopiga picha za mifupa hospitalini, zinazotoka mbali huko angani. Nitafika. Lakini mtu wa pwani hii hawezi kuzungumza habari za eksirei za angani bila kupitia Ngomeni, kijiji cha pwani hapo kaskazini yetu.

Eksirei za angani hazifiki ardhini. Hewa inazimeza zote, na tushukuru kwamba inazimeza. Anayezitaka hana budi kupanda juu ya hewa. Mwaka 1962 roketi ndogo ya Marekani ilichungulia juu kwa dakika chache ikaona chanzo kimoja chenye nguvu, kikaitwa Scorpius X-1. Dakika chache hazitoshi kuchora ramani ya mbingu. Ilitakiwa setilaiti, na tena izunguke juu ya mstari wa ikweta, ili ikwepe ule ukanda wa chembe zenye nguvu ulioinama karibu na dunia juu ya Atlantiki ya kusini, unaovuruga vigunduzi. Kutoka Florida, kufika kwenye njia ya ikweta ni safari ya kukunja kona angani, na kukunja kona angani kunakula mafuta. Waitaliano wa Profesa Luigi Broglio walikuwa na jukwaa baharini hapa Ghuba ya Ungwana, mbele ya Ngomeni, karibu nyuzi tatu tu kusini ya ikweta. Jukwaa la San Marco. Wazee waliomo humu waliyaona yale majukwaa yakiwa kazini. Wengine wenu mmeyaona yakiwa kutu.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru wake, roketi aina ya Scout iliondoka pale na setilaiti ndogo ya Marekani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Wamarekani kurushiwa chombo chao na watu wa nchi nyingine. Kwenye makaratasi jina lake lilikuwa SAS-A. Marjorie Townsend, mama aliyesimamia mradi, aliiita Uhuru. Ndiyo setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya eksirei za angani peke yake, na orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339. Riccardo Giacconi, aliyeongoza sayansi yake, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Ukifungua jarida la astronomia la miaka ya sabini, lolote lile, hukosi kulikuta neno letu limekaa katikati ya Kiingereza bila kutafsiriwa.

Katika vyanzo vile 339 naomba mkariri kimoja, maana nitarudi kwake: Hercules X-1. Ni nyota ya nyutroni, yaani kiini cha nyota iliyokufa. Uzito wake unazidi wa jua, na ukubwa wake ni kama umbali wa kutoka hapa hadi Watamu. Inajizungusha mara moja kila sekunde 1.24, na kila baada ya siku 1.7 inamaliza kumzunguka mwenzake, nyota ya kawaida inayonyonywa gesi na Hercules X-1. Gesi hiyo inaongozwa na uga sumaku mkali hadi kwenye ncha za nyota, inaanguka, inapata moto kiasi cha kutoa eksirei. Uhuru iliiona ikipigapiga kama taa ya mnara.

Uhuru ilihesabu eksirei, ikaangalia zinatoka wapi, lini, na kwa nguvu gani. Mlalo wa wimbi haikuupima. Na hapa ndipo mada yangu inapoanza kuuma, kwa sababu tangu siku zile watu walijua kwamba mlalo ndio unaobeba habari ambazo picha haiwezi kuzibeba. Nyota ya nyutroni iko mbali mno. Hata darubini ya ndoto haiwezi kukuonyesha sura yake. Lakini mwanga wake ukija na mlalo, mlalo huo unakwambia uga sumaku umeelekea wapi, gesi imekaa kama sahani au kama tufe, mwanga umekuja moja kwa moja au umegonga kitu njiani. Ni kama mvuvi anayesoma upepo kwa kuangalia nyasi zimelala upande gani. Upepo wenyewe hauonekani.

Mwaka 1971 kikundi cha Robert Novick cha Chuo Kikuu cha Columbia kilirusha roketi, kikaona dalili za polarizesheni kwenye Nebula ya Kaa, mabaki ya ile nyota iliyolipuka mwaka 1054 na Wachina wakaiandika. Katika kikundi hicho alikuwemo kijana aitwaye Martin Weisskopf. Mwaka 1975 ikapanda setilaiti OSO-8, ikathibitisha: eksirei za Nebula ya Kaa zimekubaliana kwa asilimia 19 hivi. Kipimo safi, cha kuaminika.

Baada ya hapo, kimya cha miaka zaidi ya arobaini. Nawaambieni kweli, sijui sura nyingine ya sayansi ya anga iliyonyimwa hivi. Darubini ya Einstein, iliyorushwa 1978, ilipangiwa kipima polarizesheni, kikaondolewa. Kipima kingine kilitengenezwa kikakamilika kwa ajili ya chombo cha Wasovieti kilichoitwa Spectrum-X. Nchi yenyewe ikavunjika, chombo hakikuruka. Mwaka 2009 NASA ikachagua setilaiti GEMS. Mwaka 2012 ikaifuta kwa sababu ya gharama. Ulaya nayo ikafikiria XIPE, chombo cha kazi hiyo hiyo, ikachagua chombo kingine cha kuchunguza sayari.

Kwa nini? Mwenyekiti, hapa nitatoa maoni yangu mwenyewe. Kupima polarizesheni ni kazi ya mtu mvumilivu, na kamati hazipendi wavumilivu. Fotoni moja ya eksirei, yaani chembe moja ya mwanga wake, haisemi kitu. Ni kama kura: kura moja haikwambii wilaya inaelekea wapi, na wagombea wakikaribiana sana lazima uhesabu nyingi mno. Kwa kigunduzi kizuri, ukitaka kuona polarizesheni ya asilimia 1 bila kujidanganya, unahitaji fotoni milioni moja na ushei kutoka kwenye chanzo kimoja. Mwenzako anayepiga picha anaridhika na mia chache. Wawili mkiwa kwenye darubini moja, wewe ukiomba siku kumi na yeye saa mbili, nani atatolewa bajeti ikibana?

*(Hapa kijana mmoja alinyoosha mkono: "Mwalimu, kwa nini wasitengeneze tu lenzi kama hiyo, lakini ya eksirei?")*

Swali zuri, na ndilo lililowachelewesha. Eksirei ama inapenya lenzi hii kama haipo, ama inamezwa, haichujwi. OSO-8 ilitumia fuwele: eksirei ikigonga fuwele kwa nyuzi 45, inayoruka ni ya mlalo mmoja tu. Lakini fuwele hurusha eksirei za nguvu moja mahususi, nyingine zote zinapotea. Ni kama kuvua kwa wavu wenye tundu moja.

Ufumbuzi ulitoka Italia. Mwaka 2001 Enrico Costa na wenzake walichapisha kigunduzi cha gesi. Chukua chumba kidogo chenye unene wa sentimita moja, kijaze gesi ya dimethili etha. Eksirei ikiingia inagonga atomu na kung'oa elektroni. Elektroni hiyo, na hii ndiyo siri yenyewe, hupendelea kuruka kufuata upande ambao wimbi lilikuwa linatikisika. Haifuati kila mara, inapendelea. Ikiruka inaacha alama fupi kwenye gesi, chini ya milimita moja, imepindapinda kama njia ya konokono. Chini ya gesi kuna chipu yenye vijidoa zaidi ya laki moja, vya pembe sita kama sega la nyuki, kila kimoja kimeachana na jirani yake kwa sehemu 50 katika elfu moja za milimita, yaani maikromita 50. Chipu inapiga picha ya alama. Kompyuta inatafuta alama ilianzia wapi na ilielekea wapi. Unafanya hivyo kwa fotoni ya kwanza, ya pili, ya laki tatu, halafu unachora grafu: ngapi zilikwenda upande huu, ngapi upande ule. Grafu ikiwa tambarare, hakuna polarizesheni. Ikipanda na kushuka, umempata.

Kwa kigunduzi hicho ilijengwa IXPE, ya NASA na Shirika la Anga la Italia: darubini tatu zinazofanana, vioo vimewekwa mita 4 kutoka kwenye vigunduzi, kwenye ncha ya mlingoti uliojikunjua wenyewe angani. Kiongozi wake wa kwanza wa sayansi? Martin Weisskopf, yule kijana wa 1971. Iliruka Florida tarehe 9 Desemba 2021, siku tatu kabla Uhuru haijatimiza miaka 51. Na kwa kuwa ilitakiwa juu ya ikweta, roketi kubwa ya Falcon 9 ilibebeshwa chombo cha kilo 330 hivi, ndogo kabisa kwake, nguvu yake nyingine ikatumika kukunja ile kona niliyowaambia. Mimi nilipoiona nikasema, kona hiyo sisi hapa hatuhitaji. Lakini hayo ni ya kikao kingine.

Sasa sikilizeni hili. IXPE inazunguka kilomita 600 juu ya ikweta, na inapita juu ya pwani yetu kila baada ya saa moja na nusu na ushei. Ikipita, inamwaga data zake. Kituo chake kikuu cha kupokelea kiko hapa hapa Malindi, kwenye kituo cha Waitaliano kinachoitwa kwa jina la Broglio. Kutoka hapa zinakwenda Colorado kwa wanaokiendesha chombo, kisha Alabama kwa wanasayansi. Kwa hiyo yale mnayoyasoma kwamba "wanasayansi wa Marekani wamegundua" yameshapita juu ya vichwa vyenu kabla hawajayaona wao.

Wamegundua nini? Nitachagua machache.

Katikati ya galaksi yetu kuna shimo jeusi kubwa, Sagittarius A*, ambalo leo limetulia kama paka aliyeshiba. Karibu nalo kuna mawingu ya gesi yanayong'aa kwa eksirei, na haikueleweka mwanga huo yameupata wapi. IXPE ikapima: asilimia 31, na pembe yake inaelekeza kwenye shimo jeusi lenyewe. Mawingu yanatoa mwangwi. Tukihesabu kwa jinsi mwanga unavyotufikia, kama miaka 200 iliyopita shimo lile liliwaka, na tunachokiona sasa ni mwanga huo ukiruka kwenye mawingu, kama mng'ao wa bahari kwenye macho ya mjomba. Mlalo ndio uliomtaja mhusika.

Kwenye nebula ya pulsa ya Vela, pulsa ikiwa ni nyota ya nyutroni inayopigapiga, sehemu nyingine zilipita asilimia 60, karibu na mwisho wa kile ambacho fizikia inaruhusu. Maana yake uga sumaku kule umenyooka kama nyuzi za mfumaji, wakati wengi walitarajia msukosuko.

Ya tatu inahitaji hii selotepu. Nimebandika vipande viwili vitatu kwenye kioo hiki, vimekaa mshazari. Lenzi zangu nazirudisha kwenye giza. Sasa nachomeka kioo katikati. Haya, mwanga umerudi! Umerudi palipo na selotepu, kwingine bado ni giza. Plastiki hii inageuza mlalo wa mwanga unaopita ndani yake. Mwaka 1936 wanafizikia Heisenberg na Euler walikokotoa wakasema kwamba kwenye uga sumaku mkali mno, utupu wenyewe, mahali pasipo na kitu, unapaswa kufanya kama selotepu hii. Hakuna maabara yenye sumaku ya namna hiyo. Zipo nyota za nyutroni ziitwazo magneta, ambazo uga wake unazidi wa dunia mara matrilioni. IXPE ilipima moja, 4U 0142+61: eksirei za chini asilimia 15, za juu asilimia 35, na katikati pembe imegeuka nyuzi 90 kamili. Inaelekea uso wa nyota ile ni mgumu, uko wazi, hauna hata angahewa. Kuhusu utupu, matokeo yanapatana na Heisenberg, lakini hayamlazimishi mpinzani kukubali. Shikeni hapo.

Na Hercules X-1 wetu? Mahesabu ya miaka mingi yalisema polarizesheni yake itafika asilimia 60, hata 80. IXPE ikapima: kati ya 5 na 15. Nadharia iliyofundishwa vyuoni kwa miongo ikaanguka mchana kweupe. Pengine tabaka la juu la uso wa nyota limepata moto kuliko la chini, milalo miwili ikachanganyika ikafutana. Pengine. Pembe nazo zimeonyesha kwamba mhimili wa nyota umeinama angalau nyuzi 20 kutoka kwa ule wa mzunguko wake, jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Nyota iliyotajwa kwanza na setilaiti iliyotoka Ngomeni, baada ya nusu karne imetuma jibu kupitia Malindi, na jibu lenyewe ni kwamba hatukuielewa.

Hivyo basi tunafika kwenye vyombo vijavyo, na mtaona kwa nini nimezunguka. Shida ya IXPE ni dirisha lake. Inaona eksirei za kiloelektronivolti, kipimo cha nguvu ya eksirei, 2 hadi 8. Nitasema "kilo" tu, na si za sukari. Kilo 2 hadi 8 ni kama kusikiliza taarabu ukisikia gambusi peke yake. Hercules X-1 ana alama ya uga sumaku wake karibu na kilo 35 hadi 40; huko ndiko ugomvi wake utakakoamuliwa. Nyota za nyutroni zilizopoa, ambazo zingemaliza hoja ya Heisenberg, zinang'aa chini ya kilo 1. Kote huko IXPE ni kipofu.

Upande wa juu Wahindi wameshatangulia. Tarehe 1 Januari 2024 walirusha XPoSat, na ndani yake POLIX, iliyotengenezwa Bengaluru kwenye Taasisi ya Utafiti ya Raman, kwa ajili ya kilo 8 hadi 30. Huko juu gesi ya Costa haifai. Eksirei zinapita tu. Wao wanatumia kipande cha berili, metali nyepesi: eksirei inakigonga, inaruka pembeni, na vigunduzi vinne vimeizunguka berili kuhesabu imerukia upande gani. Chombo kizima kinajizungusha polepole ili kasoro za kigunduzi kimoja zigawanyike sawa. Kazi ya fundi mwaminifu.

Juu zaidi kuna XL-Calibur, nayo haiendi hata angani: inaning'inia kwenye puto. Julai 2024 ilipaa kutoka kaskazini ya Sweden ikavuka Atlantiki hadi Kanada, ikiwa na mlingoti wa mita 12, ikiangalia Nebula ya Kaa na shimo jeusi la Cygnus X-1. Puto ni rahisi kuliko setilaiti, lakini linakupa siku chache, na hewa iliyobaki juu yake inameza eksirei zote laini. Mimi napenda puto. Vijana wanaojifunza kazi hujifunza kwenye puto, maana likianguka unalifuata kwa gari, unafungua boksi, unaona skrubu ipi ililegea.

Upande wa chini, chini ya kilo 1, kuna watu wa MIT na Herman Marshall wanaotengeneza vioo vya tabaka nyingi, tabaka nyembamba kuliko virusi, vilivyokaa nyuzi 45 kama fuwele za OSO-8, isipokuwa unene wa tabaka unabadilika hatua kwa hatua kutoka ncha moja hadi nyingine ili kila nguvu ya eksirei ipate mahali pake. Wazo la zamani, lenye matundu mengi. Wanataka kuanza kwa roketi ya dakika chache, kama 1962. Nikiulizwa ni jaribio gani dogo ningelipa pesa zangu, ningelipa hili.

Chombo kikubwa kinachosubiriwa ni eXTP ya Wachina, kwa matarajio ya karibu mwaka 2030. Mwanzoni kilikuwa kikubwa zaidi na Ulaya ilikuwemo kwa sehemu nzito; kikapunguzwa, kikachorwa upya. Wapo waliosikitika. Mimi naona kilichobaki ndicho kilichokuwa na maana: darubini tatu za polarizesheni zenye eneo la kukusanyia kubwa kuliko la IXPE, na pembeni yake, zikitazama nyota ile ile kwa wakati ule ule, darubini nyingine za kupima nguvu na mapigo ya haraka. Wakati ule ule ndilo neno. Mashimo meusi hubadilika kwa saa, kwa dakika. Ukipima mlalo leo na nguvu kesho, umewapima watu wawili tofauti.

Sitaki kuwachosha na COSI ya NASA, inayopangiwa 2027 kwa miale ya gama, wala POLAR-2 itakayokaa kwenye kituo cha anga cha Wachina ikivizia milipuko ya gama. Ni ndugu wa familia hii, lakini wanakaa nyumba nyingine.

Kuna moja iliyo kwenye karatasi tu, na ndiyo ninayoitaka. Wamarekani waliiandika mwaka 2019, wakaiita kwa kifupi XPP: chombo kimoja chenye njia zote tatu, vioo vya tabaka kwa chini, gesi kwa katikati, kutawanyisha kwa juu, kutoka chini kabisa ya kilo 1 hadi kilo 60. Gambusi, fidla, ngoma na mwimbaji, kwa pamoja. Hercules X-1 akiwekwa mbele ya chombo hicho kwa siku 35, mzunguko wake mzima wa kuwaka na kufifia, hatabaki na pa kujificha. Hakijaidhinishwa. Hakina tarehe. Mmesikia historia ya GEMS na wenzake, kwa hiyo mnajua karatasi inaweza kukaa kabatini miaka mingapi. Weisskopf alingoja hamsini. Wewe binti uliyekaa mstari wa pili unayeandika kila kitu, una umri gani, kumi na saba? Basi tuhesabu: XPP ikiruka baada ya miaka ishirini, utakuwa na thelathini na saba, umri mzuri kabisa wa kuongoza kigunduzi. Na ikiwa watakiweka juu ya ikweta, data zitahitaji mahali pa kushukia.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali tutaulizana huku tukinywa chai. Anayetaka kujaribu lenzi aje hapa mbele, kioo cha selotepu kiko mezani. Ile lenzi ya kushoto ina mkwaruzo. Msiifute kwa shati.